Hodi ya Tatu

Siku kimbunga kilipoingia Lindi, mtu wa kwanza kusema kwenye Baraza, ile njia ya sauti ya mji mzima, alikuwa Mzee Nampunju wa Mtanda, na alichokuwa analalamikia ni chai.

"Jamani, nakufa huku! Umeme hakuna, jiko haliwaki, tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni. Nakufa, wallahi!"

Karani akamsikia. Karani ni mashine yetu ya kusikiliza. Hana sura, ana sauti tu, na kazi yake ni kupima maneno ya watu wakati wa balaa na kuzipaka rangi nyumba kwenye ramani: kijani aliye salama, njano mwenye wasiwasi, nyekundu anayekufa. Mzee kasema anakufa, basi nyumba yake ikawa nyekundu, na Chura akatumwa. Chura naye ni gari lisilo na dereva, linatembea nchi kavu na kuogelea majini, linabeba watu wanane na roho zao. Akakwea kilima kwenye upepo ule, akafika mlangoni kwa mzee, akamkuta ameketi kwenye kochi, kikombe kitupu mkononi.

"Mmeniletea na sukari?" mzee akauliza.

Bakiri alicheka mpaka akakaa chini. Tulikuwa wawili kituoni, mimi na yeye. Bakiri ndiye aliyekuwa akimtunza Karani, mimi, jina langu Sikudhani, nilikuwa mwangalizi wa Baraza. Nilicheka pia, halafu nikakoma, kwa sababu Chura hawakuwa wengi, na mmoja alikuwa ameshapoteza safari kwa ajili ya kikombe cha chai. Karani tulimfundisha maneno. Hatukumfundisha kwamba watu wa kwetu hufa kwa njaa, kwa joto na kwa vicheko, kila siku ya Mungu, na jioni wako hai wanacheza bao.

Asubuhi ile Baraza lilichangamka. Kila nyumba ya Lindi ilikuwa na kisikio, kidude kidogo cha ukutani chenye betri yake na waya uliochimbiwa chini ya ardhi. Ukitaka kusema na mji unakiambia "Jamani," kinafunguka. Ukimaliza unasema "Basi," kinafunga. Na watu walisema.

"Jamani, mabati ya shule yameng'oka, moja limepita hapa sasa hivi, mtu asitoke nje! Basi."

"Jamani, nani kamwona mbuzi wangu? Basi."

"Jamani, mbuzi wako yuko sebuleni kwangu anakula mkeka. Basi."

"Jamani, msikitini pako wazi, na kanisani pako wazi, njooni popote palipo karibu, uji upo. Basi."

Nilipenda kuwasikia. Upepo ulikuwa unapiga kuta za kituo kama mtu mwenye hasira, madirisha yanalia, lakini mle ndani ya kisikio mji wangu ulikuwa unaongea, unagombana, unatafuta mbuzi. Nilimshukuru Mungu kwa zile sauti, moja moja.

Mume wangu Sefu alikuwa kikazi Songea. Akanitumia ujumbe: "Mama vipi? Na wewe vipi?"

Nikamjibu: "Salama."

Dirisha la nyuma lilikuwa limepasuka, maji yanaingia mpaka chini ya meza, na mimi nimeandika salama. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anakuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama umetoka kuzika, unasema nzuri kwanza, ndipo unaongeza, "ila tumefiwa."

Mama aliyeulizwa ni Bi Arafa, mama mkwe wangu, mkazi wa Mikumbi, bondeni, karibu na maji. Nieleze kidogo kuhusu huyu mama, maana bila hivyo hamtaelewa. Tangu niolewe nilikuwa nikienda kwake nabisha hodi kama mtu mwenye adabu, naye hajawahi kuniambia karibu. Alikuwa anasema, "Pita." Wageni wote waliambiwa karibu. Muuza mkaa aliambiwa karibu. Mimi niliambiwa pita, na jina langu lilikuwa "mke wa Sefu". Sikuwahi kumuuliza kisa. Unamuulizaje mama mkwe jambo kama hilo? Nilikuwa napita.

Kabla ya adhuhuri sauti yake ikaingia Barazani, imetulia kama siku zote.

"Jamani, ni Arafa wa Mikumbi. Sisi hatujambo. Salama kabisa, Mungu mkubwa. Basi."

Nyumba yake ikawa kijani.

"Sisi," nikamwambia Bakiri. "Sisi nani? Mama anaishi peke yake."

"Adabu tu," Bakiri akasema. "Hata bibi yangu anasema sisi."

Neno lile lilinikaa.

Halafu maji yakaja. Bahari ilipanda yote kwa pamoja, ikaingia Mikumbi kupitia mitaroni, na Baraza likabadilika. Hakukuwa tena na mbuzi. Chilumba, seremala, jirani wa Bi Arafa, alikuwa darini na wanawe, na alipolia tulimsikia wote. Chura akawafuata, akawatoa salama. Walipokuwa ndani ya Chura, Chilumba akasema kitu kilichonisimamisha.

"Jamani, Bi Arafa mmempitia? Nimegonga mlango wake kabla sijapanda darini. Hakuitika. Basi."

Nikaangalia ramani. Mtaa mzima ulikuwa mwekundu, na katikati yake nyumba moja ya kijani.

"Karani," nikasema, "tuma Chura kwa Bi Arafa."

"Nyumba hiyo imesema salama," Karani akajibu kwa sauti yake ya upole.

"Imesema zamani. Sasa kuna maji."

"Haijasema kuna maji. Siwezi kutuma Chura kwenye nyumba iliyosema salama."

Msimlaumu. Sheria ile tuliitaka wenyewe. Mvua za miaka ya nyuma, waangalizi fulani walikuwa wanawatuma Chura kwa ndugu zao kwanza, na watu wasio na ndugu kituoni wakazama. Mji ukasema basi, mwangalizi asiwe na uwezo huo tena. Nyumba iseme yenyewe, Karani aisikie, na kila Chura anapotumwa sababu isomwe Barazani, watu wote waisikie, asiwepo wa kunung'unika.

"Basi niunganishe na kisikio chake," nikasema.

Hapo pia kulikuwa na utaratibu. Visikio vilipoletwa, wazee walikataa. Walisema hawataki kidude kinachosikiliza vyumbani mwao, watu wana siri zao, wana sitara zao. Mwisho tukakubaliana hivi: kituo kikitaka kusema na nyumba, kisikio kitabisha hodi mara tatu kama mtu mlangoni. Mwenye nyumba akisema karibu, kinafunguka. Asipoitika baada ya hodi ya tatu, kinarudi kilikotoka. Sisi wa kituoni tulikula kiapo mbele ya mji, kila mtu kwa kitabu chake. Atakayefungua bila karibu, visikio vyote ving'olewe, na Baraza life.

"Hodi," kisikio kikabisha Mikumbi.

Kimya.

"Hodi."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Bakiri alisimama nyuma yangu.

"Hodi."

Hakuna aliyeitika. Karani akasema, "Nyumba haijakaribisha," akafunga.

Ufunguo wa mafundi ulikuwa shingoni mwangu. Ni wa kutengenezea visikio vilivyoharibika, unafungua chochote. Mkono wangu ulishaufikia kabla sijaamua.

"Sikudhani," Bakiri akasema. "Usifanye hivyo."

"Anakufa."

"Hujui. Pengine amelala. Pengine yuko msalani. Pengine hataki, na mtu ana haki ya kutotaka."

"Bakiri, maji yamefika darini kwa Chilumba!"

"Nyumba ya Bi Arafa ina msingi mrefu." Akapangusa uso. "Mama yangu mimi yuko Ng'apa. Ameshabishiwa hodi mara mbili, hajaitika. Tangu asubuhi nautazama huo ufunguo wako. Sijauomba. Unafikiri simpendi?"

Alichosema kilikuwa sawa. Ukishaingia chumbani kwa mtu bila karibu, kwa nia njema, basi mlango umeshavunjika, na atakayekuja baada yako hataulizwa nia. Nililijua hilo. Nililiapia. Na nikajua pia kwamba yule mama, akiwa na maji shingoni, akiulizwa hali atasema hajambo.

Nikachomeka ufunguo.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni maji, yanapiga piga samani. Cha pili, mtu anahema kwa nguvu, msichana, si mama mkwe wangu. Kisha sauti ya Bi Arafa, karibu kabisa, inanong'ona.

"Uma hiyo kanga. Uma. Usipige kelele, mwanangu, majirani watasikia."

"Bibi, siwezi!"

"Utaweza. Mimi mwenyewe niliweza, na Sefu alikuwa na kichwa kikubwa, utadhani fenesi. Sukuma."

Bakiri akageuka haraka akaenda kusimama upande wa pili wa chumba, uso ukutani, akaziba masikio. Mwanaume wa watu ana heshima zake.

Yule msichana jina lake silitaji. Ameniruhusu nisimulie haya, ila jina libaki kwake. Hakuna aliyejua kuwa ana mimba, wala kwao, wala mtaani. Alikuwa amevaa mabaibui mapana miezi yote ile. Uchungu ulipomshika alikimbilia kwa Bi Arafa, kwa sababu Bi Arafa ni kungwi na kinywa chake ni kaburi. Na Bi Arafa hakuweza kuomba Chura. Angeomba, Karani angesoma sababu Barazani, mji mzima ukasikia. Basi akasema salama, akafunga mlango, akampandisha msichana juu ya meza, na yeye akasimama majini.

"Mama," nikasema, "shikamoo."

Maji yakapiga. Msichana akanyamaza ghafla.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Mke wa Sefu."

"Ebo! Nani kakukaribisha?" Kwa hasira zile nilijua bado ana nguvu, moyo wangu ukashuka mahali pake. "Umebisha, sikuitika, ukaingia! Ndivyo mlivyofundishwa?"

"Nigombeze baadaye, mama. Maji yamekufika wapi?"

Nikasikia pumu yake, ile filimbi ya kifuani ninayoijua.

"Mama. Yamekufika wapi?"

"Kifuani," akasema. "Ila hatujambo."

Karani alikuwa amesikia naye, maana kisikio kilikuwa wazi. Nyumba ikageuka nyekundu, na Chura aliyekuwa ameshawashusha Chilumba na wanawe akageuza njia.

"Chura anakwenda kwa Bi Arafa, Mikumbi," Karani akasema. "Kabla sijatangaza, sababu ni hii. Nasikia mwanamke ana—"

"Maji!" nikapiga kelele. "Sababu ni maji."

"Nasikia pia—"

"Karani, nimekwambia maji! Kuna maji au hakuna?"

"Kuna maji."

"Basi sema maji."

Akasema maji. Mji mzima ukasikia maji, na watu wakaanza kumwombea Bi Arafa dua.

Chura alipofika alivunja dirisha, akaingiza sakafu yake ndani hadi kwenye meza. Nikalizima jicho lake, asione. Nilibaki na masikio tu. Nikamsikia Bi Arafa akimvuta msichana, anakohoa, anamwambia aangalie mguu. Nikasikia mlango wa Chura ukifungwa. Nikasema, "Karani, wapandishe Mtanda, polepole," na Karani, Mungu ambariki popote anapokaa, akawapandisha polepole.

Walipokuwa katikati ya kilima, mtoto akalia.

Jamani, nililia. Nililia kwa sauti kama ninayezika, na kumbe napokea. Bakiri alitoa vidole masikioni, akaniangalia, akaanza kulia naye bila kuuliza.

"Mke wa Sefu," Bi Arafa akaita.

"Abee, mama."

"Mshukuru Mungu. Halafu funga hicho kidude chako."

Nikakifunga.

Jioni upepo ulipungua. Mama yake Bakiri alisema Barazani mwenyewe: alikuwa amehamia kwa jirani, ndiyo maana kisikio chake hakikuitikiwa. Bakiri angefungua, angesikia chumba kitupu. Niliufurahia uzima wake, na nikaona aibu mbele ya Bakiri. Watu walishukuriana usiku kucha. Yule wa mbuzi alimshukuru yule wa mkeka. Mzee Nampunju akashukuru kwa sukari, ambayo kumbe waliookolewa walimpitishia kweli Chura alipopanda Mtanda.

Maji yalipokauka, mji uliitwa kwenye ukumbi wa shule, ule uliobaki na nusu ya bati. Bakiri alikuwa ametoa taarifa, kama alivyotakiwa. Aliniambia kwanza, uso kwa uso, na sikumchukia. Taarifa ilikuwa fupi: kisikio cha Bi Arafa kilifunguliwa, na karibu haikusikika.

Mzee Nampunju ndiye aliyesimama kusema, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mwanangu, Bi Arafa yuko hai, na mimi nimeshukuru kuliko wote hapa. Lakini mimi ndiye niliyekataa hivi vidude mwanzoni. Mkaniambia, mzee, hakuna atakayeingia bila karibu. Nikaamini. Leo umefungua kuokoa. Keshokutwa atafungua mwingine kusikiliza mume na mke wanasema nini. Tutamzuiaje? Kwa kusema mwenzio aliruhusiwa?"

Nikasimama.

"Nilifungua," nikasema. "Nilibisha mara tatu. Sikukaribishwa."

"Ulisikia nini humo ndani?"

"Maji."

"Maji tu?"

Ukumbi wote uliniangalia. Yule msichana alikuwa amekaa nyuma kabisa na mama yake. Mama yake alishajua kwa wakati ule, wengine bado. Neno moja tu lingeniokoa. Ningesema nilichokisikia, hakuna mtu ambaye angenihukumu, na Baraza lingepona.

"Maji," nikasema. "Sina la kuongeza."

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu akasema ving'olewe basi, kiapo ni kiapo. Mwingine akasema kimbunga kingine kikija tutaitanaje. Mikono ilikuwa inaanza kunyanyuka ndipo ikasikika filimbi ya pumu mlangoni. Bi Arafa akaingia kwa fimbo, anahema, kilemba kimekaa upande.

"Mnahesabu mikono ya nini?" akauliza. "Nilisema karibu."

"Bi Arafa," Mzee Nampunju akasema kwa adabu, "kisikio hakikusikia."

"Kisikio hicho hicho kilisikia nasema salama, wakati maji yako kifuani. Kilikusikia na wewe unakufa, ukapelekewa sukari." Watu wakaangua kicheko. Hakungoja kiishe. "Nyumba ya nani ile?"

"Yako."

"Karibu ya nyumba yangu anaitoa nani?"

"Wewe."

"Basi nimesema niliitoa."

Mzee Nampunju alimtazama muda mrefu. Alijua. Nadhani wengi walijua. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwenye nyumba amesema," akakaa chini.

Visikio havikung'olewa. Lakini maneno ya mzee hayakuachwa yapotee, na nashukuru. Siku ile ile ilikubaliwa kila nyumba ichague mtu mmoja, imtaje yenyewe, siku za jua, bila haraka. Hodi ya tatu isipoitikiwa, huyo tu ndiye atakayefungua, hakuna mwingine, wala mimi. Ufunguo wa mafundi ukayeyushwa kwa mhunzi, nikiwa nashuhudia.

Jioni nikashuka Mikumbi. Chilumba alikuwa ameshaweka dirisha jipya na sakafu mpya ya saruji kwa Bi Arafa. Taa ilikuwa inawaka. Nikasimama kizingitini.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa amekaa mkekani, kitoto cha watu kimelala mapajani mwake. Hakusema pita. Nikabaki pale pale mlangoni.

"Mama, nimekuja kukushukuru," nikasema. "Ila nataka niulize, na usinikasirikie. Siku ile ya maji, kweli ulisema karibu?"

"Nilisema."

"Lini, mama? Mimi sikusikia."

Bi Arafa akamfunika mtoto kanga, akaninyanyulia macho.

"Sasa hivi nasema, unashindwaje kusikia na wewe ndiye niliyewatajia wa kufungua kwangu? Karibu, Sikudhani. Karibu mwanangu. Na uvue viatu, hiyo saruji bado mbichi."